Vile Munataka

Uji ulikuwa umeganda tena. Hortense aliutazama, ukiwa na utando juu, akamtazama na mama yake aliyekuwa ameketi mbele ya bakuli lile tangu asubuhi, mikono juu ya mapaja, macho ukutani, akatamani kupiga ukelele mtaa mzima wa Ngezi umsikie. Laiti mama angekuwa amekataa kula! Kukataa kungekuwa kitu. Anayekataa chakula chako anataka jambo lingine, hata kama ni kukuudhi tu. Mama Vahwere hakutaka hata kukuudhi.

"Mama, haukukula?"

"Hapana. Niko bien."

"Unataka nikupashie moto?"

"Hapana."

Basi, uji ukaondolewa. Hivyo ndivyo walivyokuwa wakiishi kwa mwaka mzima. Katika familia yao, watu wa Butembo waliohamia Bunia kwa ajili ya biashara, mtoto hamshurutishi mama yake. Anamuuliza kwa upole, ikibidi anapiga magoti, na mama akishajibu, neno limekwisha. Mama akisema hataki kuoga, maji ya moto yanamwagwa. Akisema hataki kutoka nje, mlango unafungwa. Kwa heshima hiyo nzuri, Mama Vahwere alikuwa amekonda mpaka mabega yake yalionekana chini ya kitambaa kama ya mtoto aliyetoka kuugua surua.

Na huyu alikuwa nani? Waulize wazee wa soko la Butembo. Huyu ndiye aliyeuza sombe, yale majani ya muhogo yaliyotwangwa, akalea watoto wawili kwa kinu na mchi baada ya mume wake kufa. Mdomo wake ulikuwa pilipili tupu. Mteja aliyeshikashika majani yake kisha akaondoka bila kununua, alirudi nyumbani akiwa amekumbushwa tabia za babu zake wote. Hortense alipokuwa msichana alikuwa akiona haya kupita naye barabarani, kwa maana mama hakuweza kuvuka mtaa bila kugombana na mtu.

Ugonjwa ulianza kwa kusahau, kama unavyoanza kwa wengi. Alisahau majina, akasahau njia ya kanisani, akaunguza sufuria. Wakamleta Bunia, kwa Hortense. Kusahau kuliuma lakini kulivumilika, kwa sababu hata aliposahau alikuwa bado yeye mwenyewe: alitafuta funguo zake nyumba nzima na kumwita kila mtu mwizi. Kisha siku moja hakutafuta funguo tena. Hakuuliza wajukuu wako wapi, hakulalamika kwamba chai haina sukari, hakuimba. Alikaa tu. Majirani wakaja kutoa pongezi. "Mama yenu ametulia sasa," walisema. "Munamutunza muzuri." Hortense alilichukia neno lile, ametulia. Maji ya kidimbwi nayo yametulia, na hakuna anayeyanywa.

Kaka yake Gustave, aliyekuwa na lori la kubeba mizigo kati ya Mahagi na Bunia, alifurahi kuliko wote. Alimnunulia mama kiti kikubwa cha sofa, akakituma juu ya lori kikiwa kimefunikwa turubai kama bwana harusi. Kinu cha mama, kile kilichotoka naye Butembo, akakichukua mwenyewe na kumpa mtu. "Mama alichoka sana juu yetu," alisema. "Siku watu watamuona anashika kazi, watasema watoto yake wameshindwa." Hortense alikubali, kwani hata yeye aliona haya. Hakuna binti mwenye duka la vitenge sokoni anayetaka kusikia kwamba mama yake anachambua mboga uani.

Siku ya ule uji ulioganda, hata hivyo, uvumilivu ulimwishia. Alirudi chumbani, akasimama mbele ya kiti cha sofa.

"Unanifanyia makusudi!" alifoka. "Sema tu! Sema kama umenichoka, kama umechoka nyumba yangu! Nitukane basi!"

Mama Vahwere alimtazama bila chuki wala huzuni.

"Vile munataka," alisema.

Hortense alikimbilia nyuma ya nyumba na kulia kwa hasira, ile hasira mbaya ambayo mtu hana wa kumpiga nayo. Kesho yake alimpakia mama kwenye pikipiki, katikati yake na dereva, akampeleka kwenye kituo cha afya.

Muuguzi aliyewapokea aliitwa Monique, mwanamke mnene, mkavu wa maneno. Alimpima mama, akamwuliza maswali, akamsikiliza Hortense mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja.

"Chakula, munamuuliza kama anataka?"

"Ndiyo. Ni mama yangu, haiko mutoto."

"Na akisema hapana?"

"Tunaacha. Ni neno yake."

Monique aliweka kalamu chini. "Basi muko munamuua na adabu," alisema.

Damu ilimpanda Hortense kichwani. Alikuja pale kusaidiwa, si kutukanwa. Lakini Monique hakumpa nafasi. "Sikiliza. Haiko uvivu, haiko kiburi, haiko hata huzuni. Ile ugonjwa ya kusahau imefika pahali ndani ya kichwa penye kuanzishaka mambo. Kaka yako iko na lori, si ndiyo? Demareri, ile ya kuwashia moteri, ikikufa, moteri iko muzima, lakini haiwake. Ile lori mutu anaiulizaka kama inataka kuwaka? Anasukuma."

"Dawa iko?"

"Vidonge vya kurudisha hamu, miye sina. Na mutu akikuuzia, kimbia. Weye fanya hivi. Usimuulize kama anataka. Anza naye. Kitu alikuwa anajua kufanya na mikono yake, kidogo kidogo, kila siku saa ile ile. Muwekee mu mikono, shika pamoja naye, kisha achilia. Kama anasukuma, kama anakasirika, heshimu, acha, utajaribu tena nyuma. Lakini hapana ya mudomo tu, ile haiko hapana. Ni pumzi inatoka tu."

Hortense alirudi nyumbani akiwa amefura. Eti amfanye mama yake kazi! Eti amshike mkono kama mtoto wa chekechea! Usiku mzima alimjibu Monique kichwani majibu makali ambayo hakuyapata pale kituoni. Asubuhi, bila kujisemesha, alipita sokoni, akanunua mafungu ya sombe yenye mashina yake, akaazima kinu kwa jirani.

Alimtoa mama kwenye sofa, akamkalisha kwenye kigoda barazani. Hakumuuliza. Kinywa chake kilikuwa kimeshazoea kuuliza, ikabidi aume midomo. Akamwekea shina la sombe mikononi. Shina likaanguka. Akaliokota, akaliweka tena, likaanguka tena. Jirani aliyekuwa akianika nguo alisimama kutazama, na Hortense aliziona zile nyusi zilizopanda juu.

Siku ya pili ilikuwa hivyo hivyo, na ya tatu. Hortense alichuma majani kwa fujo, akiyararua, akiwalaani moyoni Monique na jirani na Gustave na sofa lake. Siku nyingine alikasirika kiasi kwamba aliushika mkono wa mama kwa nguvu kuliko alivyokusudia, akauvuta juu ya shina kutoka juu kwenda chini. Majani yaling'oka na kubaki kwenye kiganja cha mama. Mama aliyatazama. Hortense akarudia, safari hii taratibu, mkono wake juu ya ule uliokauka. Akarudia tena. Mara ya nne au ya tano aliachilia, na mkono wa mama uliendelea kushuka peke yake.

Hapo mtu angedhani atafurahi. Alipandwa na mori. Mwaka mzima! Mwaka mzima mikono ile ilikuwa hai, imekaa juu ya mapaja ikingoja mtu mmoja mwenye akili aisukume, na wao walikuwa wakipiga magoti na kuuliza, wakisifiana malezi! Mchana ule alimwekea mama kijiko mkononi, akakiinua pamoja naye mara ya kwanza, na mama akamaliza bakuli. Hortense aliliosha bakuli lile huku akiligongagonga kama aliyekosewa nalo.

Usidhani mama alipona. Mtu haponi ugonjwa ule. Zipo siku mashina yalianguka tangu asubuhi mpaka jioni, na jina la Hortense lilikwishapotea muda mrefu. Lakini kila asubuhi walikaa barazani, sombe katikati yao, na mashavu ya mama yalianza kurudi mahali pake. Mpaka siku moja Hortense, akiwa na haraka ya kwenda dukani, alitupa majani kinuni pamoja na vishina vyake vigumu, akaanza kutwanga. Mkono ulitoka pembeni ukamsukuma kifuani.

"Unaharibu," alisema Mama Vahwere.

Neno moja tu. Kisha akainama, akaanza kuvitoa vile vishina kimoja kimoja, ameufinya uso kwa hasira. Hortense aliketi chini kwenye vumbi, akacheka, akalia. Alikuwa hajawahi kutukanwa kitamu vile. Alichukua simu akampigia Gustave hapo hapo, na hilo ndilo kosa alilofanya.

"Yaya Gustave! Mama amenisukuma! Ameniambia ninaharibu sombe!"

Gustave alikata simu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wa Gustave ulikuja Jumapili.

Alifika baada ya ibada, amevaa suti, ndani ya gari la kukodi, pamoja na Mama Véronique, mwombezi wa chumba kimoja cha maombi njiani kuelekea Mahagi. Alikuwa mwanamke mpole, kilemba cheupe, sauti ya chini. Hakuja kwa ubaya. Gustave ndiye aliyekuwa amemwendea, wiki nyingi kabla, akamsimulia kuhusu mama asiyesema, na mwombezi akamwambia kwamba kuna roho ya ububu ambayo haitoki ila kwa kufunga. Sasa habari ikawa mbaya zaidi: mama amefanywa mtumishi, na ile roho imeanza kupiga watu.

Walimkuta barazani kwenye kigoda, majani mapajani, vidole vya kijani. Gustave alisimama kana kwamba amemkuta uchi.

"Hortense! Umemufanya mama boyi?"

"Iko anafanya kazi yake."

"Kazi gani? Fotei, ile kiti kubwa nililetea, iko wapi?"

"Ndani. Ukae weye."

"Watu wananicheka mpaka Mahagi! Wanasema mama ya Gustave anatwangia binti yake sombe!"

"Waambie pia mama ya Gustave anakula sasa. Wakati alikuwa anakufa na njaa mule mu fotei yako, hakuna mutu alikucheka!"

Mama Véronique aliinua mkono kuwatuliza. "Mutoto yangu," alimwambia Hortense, "hatukuje kugombana. Tutakaa na mama siku tatu. Kavu, bila kula, bila kunywa. Wengi wamefunguka."

"Siku tatu?" Sauti ya Hortense ilipanda. "Mutu mwenye kusahau kama iko na njaa, mwenye haiwezi kuomba maji, weye unataka kumufungisha? Atakufa na hata hatasema ninakufa!"

"Siye hatulazimishaki mutu," mwombezi alijibu kwa upole. "Tutamuuliza mwenyewe."

Gustave alivuta suruali yake magotini, akapiga magoti mbele ya kigoda, suti na yote, kama alivyofundishwa tangu utoto. Sauti yake ikalainika. Alimpenda mama yake, na hilo ndilo lililomkera Hortense zaidi ya yote.

"Mama. Utaenda na siye kwa maombi? Watakuombea, utakuwa muzuri."

Mama Vahwere alimtazama mtoto wake wa kwanza.

"Vile munataka."

Gustave akasimama, akajipangusa magoti. "Mumesikia wote. Mama amekubali. Neno ya mama, Hortense, weye hauwezi kupita juu yake." Akaingia ndani, akatoka na kijifuko chenye kitenge na shuka za mama. Dereva aliwasha gari.

Hortense alilitazama gari, akawatazama majirani. Angeweza kufanya nini? Amng'ang'anie mama, wavutane na Gustave mbele yao? Angemwita nani? Ukoo mzima, kuanzia Butembo, ungemwuliza jambo moja: mama mwenyewe alisema nini? Na mama alikuwa amesema. Kaka alikuwa ameshamshika mama kwenye kiwiko kumwinua.

Basi akapiga magoti na yeye. Alipiga magoti pale pale Gustave alipokuwa, akaiga upole wake wote, hata ile namna yake ya kuinamisha kichwa.

"Mama," alisema. "Unataka tukutupe mu Shari?"

Jirani aliyekuwa ameegemea ua alishika mdomo. Mto Shari ulikuwa umefurika kwa mvua za juma lile, na kila mtu alijua ulivyokuwa.

"Hortense!" Gustave alifoka.

"Vile munataka," alisema Mama Vahwere, kwa sauti ile ile, na uso ule ule.

"Mama, unataka tukuzike leo, ungali muzima?"

"Vile munataka."

"Nyamaza!" Gustave alipiga kelele. "Unamulaani mama!"

Hortense alisimama. Alilionyesha gari kwa kidole. "Namulaani wapi? Umesikia mwenyewe. Neno ya mama, yaya! Mutu hapiti juu yake! Muto haiko mbali, gari imewaka. Beba!"

Injini ya gari ilikuwa ikinguruma njiani, na mama, kwa kuwa mkono wa Gustave ulikuwa umemwachia, alikaa tena kwenye kigoda. Wa kwanza kufanya kitu alikuwa Mama Véronique. Alikichukua kile kijifuko mikononi mwa Gustave, akakiweka ndani ya mlango, polepole.

"Mutu mwenye haiwezi kukataa, miye siwezi kumufungisha," alisema. "Gustave, hii haukuniambia." Akaenda kukaa garini, akafunga mlango, na kupitia kioo walimwona ameinamisha kichwa.

Gustave alibaki amesimama barazani, mikono imening'inia. Alikuwa mtu mkubwa, na ghafla suti ilionekana kama ya kuazima. Alikaa chini, kwenye sakafu ya saruji, karibu na miguu ya mama. Hortense alidhani anaona haya, na alimwacha aione.

"Hortense," alisema mwishowe, bila kuinua uso. "Parsele ya Butembo."

"Imefanya nini?"

"Niliuzisha. Mbele ya Noeli. Lori ilikuwa inataka moteri." Alishika ukingo wa kigoda. "Sikuuzisha hivi hivi. Nilikuja hapa, weye ulikuwa ku soko. Nilimuuliza mama. Nilipiga magoti, nikamwambia yote, na kaburi ya baba mule. Alisema..."

Hakumaliza. Hakukuwa na haja ya kumaliza. Kiwanja kile ndiko walikozaliwa wote wawili. Ndiko mama alikotwanga sombe mpaka viganja vikaota sugu, ili wasikipoteze baada ya baba kuzikwa nyuma ya nyumba, chini ya migomba. Sasa kulikuwa na watu wengine mle, wanapika, wanafua, wanatembea juu ya baba. Alitafuta tusi, yeye mtoto wa Mama Vahwere, na hakupata lililotosha.

Gustave aligeuka. Alipiga magoti tena mbele ya mama yake, safari hii bila kuvuta suruali, akamshika mikono ile ya kijani, akalia kwa sauti kama mtoto.

"Mama, nimekosa. Nimeuzisha nyumba yako. Nisamehe. Mama, unanisamehe?"

Mama Vahwere alimtazama, akayatazama majani yaliyokuwa yakibanwa kati ya mikono yao.

"Vile munataka," alisema.

Gustave aliendelea kungoja, kinywa wazi, kama mtu anayetazamia kwamba kuna maneno mengine yanakuja nyuma. Hayakuja.

"Umesikia," Hortense alisema. Sauti yake haikupanda tena, ilikuwa imeshuka mpaka chini. "Chukua. Ni neno ile ile alikupatia nayo nyumba."

Alimwacha pale akaenda njiani, akamwambia dereva ampeleke Mama Véronique kwake na asirudi leo. Aliporudi, Gustave alikuwa bado amepiga magoti, na mama alikuwa amekwisha kuitoa mikono yake kwenye mikono ya mwanaye ili achukue shina lingine. Hortense aliokota fungu zima la sombe, akamtupia kaka yake mapajani, juu ya suti ya kanisani.

"Vua koti. Kaa hapa karibu yake, uchume. Kesho saa ile ile utakuwa hapa, na siku ingine tena, mpaka lori yako ioze kule Mahagi."

"Na yeye, nimwambie nini?" Gustave aliuliza.

"Usimuulize kitu tena mu maisha yako," Hortense alisema, akaingia jikoni kusonga bugali.